Mke wa mtu ni sumu. Mume wa mtu je?

Na Mwandishi Wetu

Uko msemo ambao kila kijana wa mjini huusikia kabla hajaota ndevu: mke wa mtu ni sumu. Husemwa vijiweni, hukumbushwa katika nasaha za harusi, na hurudiwa kila linapotokea fumanizi mtaani. Hapana mwenye haja ya kuufafanua. Lakini mtu akigeuza maneno na kuuliza kama mume wa mtu naye ni sumu, watu hucheka kwanza, ndipo wakaanza kufikiri.

Mwaka 2007 swali hilo liliwekwa mbele ya Watanzania, pamoja na wananchi wa nchi nyingine 11 za Afrika, kwa muda wa siku 98 mfululizo. Halikuulizwa na mwalimu, shehe wala padri. Liliulizwa na televisheni, na jibu lilitolewa kwa kura.

Usiku wa Jumapili, tarehe 11 Novemba, 2007, Ndugu Richard Bezuidenhout, kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24 aliyekuwa mwanafunzi wa mambo ya filamu, alitangazwa kuwa mshindi wa shindano la Big Brother Africa. Alitunukiwa dola 100,000 za Kimarekani, yaani zaidi ya shilingi milioni 100 kwa thamani ya fedha ya wakati ule. Kabla ya hapo hapakuwa na Mtanzania aliyepata kushinda shindano hilo, na wengi walishangilia. Hata hivyo shangwe hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake. Mshindi alikuwa mume wa mtu. Na kwa wiki nyingi bara zima lilikuwa limemwona akiwa katika mapenzi na mshiriki mwenzake, Bibi Tatiana Durão wa Angola.

Makala haya hayakusudii kumfufulia mtu yeyote aibu ya zamani, wala si mahakama ya kumhukumu. Miaka mingi imepita, na waliohusika wana maisha yao. Kinachotushughulisha ni sisi tuliokuwa upande wa pili wa kioo: tulisema nini, tulimlaumu nani, tulimsamehe nani, na hukumu zile zilifichua nini juu ya ndoa zetu wenyewe.

NYUMBA ISIYO NA PAZIA

Kwa faida ya vijana ambao wakati huo walikuwa hawajazaliwa au walikuwa bado wadogo, yafaa tueleze shindano lenyewe lilivyokuwa. Big Brother ilianza Uholanzi mwaka 1999, ikiwa kazi ya kampuni ya Endemol chini ya John de Mol. Jina lilitokana na riwaya ya mwandishi Mwingereza George Orwell iliyochapishwa mwaka 1949, ambayo inaeleza juu ya dola inayomchungulia kila raia mpaka chumbani kwake. Jambo lililoandikwa liwe onyo likageuzwa kuwa burudani.

Afrika ilipata shindano lake mwaka 2003. Kituo cha M-Net cha Afrika Kusini kilikusanya vijana 12 kutoka nchi 12, kikawafungia katika jumba moja nchini humo. Waliomo hawakuwa na simu, gazeti wala redio. Kamera na vipaza sauti vilikuwa kila mahali, pamoja na vyumba vya kulala na bafuni. Washiriki walitajana wao kwa wao ni nani atoke, kisha watazamaji wakapiga kura kuamua nani aage jumba na nani abaki, mpaka apatikane mshindi. Katika shindano hilo la kwanza mshindi alikuwa Bibi Cherise Makubale wa Zambia, na Mtanzania Mwisho Mwampamba akashika nafasi ya pili.

Mazingira ya namna hiyo huzaa mapenzi upesi. Wageni kumi na wawili, walio vijana, wasio na kazi ya kuwachosha, walio mbali na wazazi, wenzi na rafiki, hulala chini ya dari moja kwa miezi mitatu. Pombe hutolewa. Kila mmoja anaogopa kutolewa na anatafuta wa kumwegemea. Hata katika shindano la kwanza kabisa kule Uholanzi mwaka 1999, wawili miongoni mwa washiriki walipendana mbele ya kamera, na taifa zima likawa halina habari nyingine. Mwaka 2003 ikawa zamu ya Gaetano Kagwa wa Uganda na Abergail Plaatjes wa Afrika Kusini, ambao mapenzi yao yalijadiliwa tangu Kampala hadi Lusaka.

Watengenezaji wa vipindi vya aina hii wanaelewa vizuri biashara yao. Mwenye dishi la satelaiti aliweza kutazama jumba hilo saa 24, lakini watazamaji wengi waliona muhtasari wa kila siku, na muhtasari huo hukatwa na kuunganishwa na mtu. Mtu akiosha vyombo kwa nusu saa, haonyeshwi. Akimshika mwenzake mkono kwa dakika moja, ataonyeshwa leo, na kesho atarudiwa. Kwa hiyo tulichokiona ni sehemu tu ya maisha ya wale vijana, na ni ile sehemu iliyochaguliwa kwa ajili ya kutufanya tuzungumze.

Nasi tulizungumza kweli. Katika nyumba za kupanga, ambako televisheni ya mpangaji mmoja hutazamwa na wapangaji wote. Katika baa, saluni na vijiwe vya kahawa. Katika mabasi ya asubuhi, kabla watu hawajafika kazini. Mjadala ulikuwa mmoja. Hoja zilizotolewa zilikuwa nyingi, lakini ukizichambua utaziona zikigawanyika katika pande mbili.

HOJA ZA WALIOMTETEA

Hoja ya kwanza ya waliomtetea ilikuwa kwamba mchezo ni mchezo. Kijana amekwenda kutafuta fedha, walisema, na mapenzi ni mbinu kama mbinu nyingine. Akitoka atarudi kwa mkewe na fedha zitawafaa wote wawili. Mbona waigizaji wa filamu hukumbatiana na wake wa wenzao, na hapana anayewashitaki?

Hoja hii ina uzito kidogo tu. Mwigizaji amepewa maneno ya kusema, na kila mtu, pamoja na mkewe, anajua kwamba yale si yake. Lakini jumba la Big Brother huuzwa kwa ahadi moja: kwamba kinachoonekana humo ni cha kweli. Ikiwa mapenzi yale yalikuwa ya kuigiza, basi aliyedanganywa ni Bibi Tatiana pamoja na watazamaji. Ikiwa yalikuwa ya kweli, basi neno la mchezo halina nafasi. Kwa vyovyote vile yuko mtu aliyedhulumiwa.

Hoja ya pili ilikuwa ya busara zaidi. Wako waliosema kwamba sisi hatujui mume na mke wale waliagana vipi mlangoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Labda mke, ambaye alikuwa raia wa Canada, alikwisha kukubaliana na mumewe. Labda anayo tafsiri yake ya yale aliyoyaona. Labda aliumia akasamehe. Hayo ni ya wawili, na mtazamaji hana cheti cha kuingilia.

Hoja hii yapasa kuheshimiwa. Ndoa ya watu si mali ya umma hata ikionyeshwa kwa umma. Lakini inafaa tuangalie ilivyotumika. Aliyesema kwamba hatujui mambo ya ndani ya ndoa ya Ndugu Richard mara nyingi alikuwa na hakika kabisa juu ya tabia ya Bibi Tatiana. Mwanamume alipewa faida ya shaka, mwanamke akanyimwa.

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba mwanamume ni mwanamume, na kwamba Mwafrika tangu zama za mababu hakuwa wa mke mmoja. Tutairudia hoja hii tutakapofika kwenye sheria, kwa sababu wanaoitoa hutaja nusu ya mila na kuiacha nusu nyingine.

Hoja ya nne ilikuwa ya utaifa. Mtoto wa nyumbani hatupwi, na bendera ikipepea usiulize mengi. Lakini ushindi ule haukuletwa na Watanzania peke yao. Katika shindano hilo kura za kila nchi zilihesabiwa kivyake, na mshiriki aliyeongoza katika nchi fulani alipata alama moja ya nchi hiyo. Mamilioni ya Nigeria na watu wachache wa Botswana walikuwa na uzito ule ule. Tanzania ingeweza kumpa kijana wake alama moja tu. Ili ashinde ilibidi nchi nyingine nazo zimchague. Kwa hiyo waliomsamehe mume wa mtu hawakuwa wa taifa moja.

HOJA ZA WALIOMLAUMU

Upande wa pili ulisema kwanza juu ya ahadi. Mtu aliyefunga ndoa ameahidi mbele ya mashahidi, na ahadi haina likizo. Haisimami mtu anapopanda ndege wala haiahirishwi kwa sababu kuna zawadi. Kama angetaka kucheza akiwa huru, angekwenda akiwa huru.

Pili walisema juu ya aibu. Waume wengi wamewakosea wake zao, na wake wengi wamewakosea waume zao, lakini kosa lililofanyika faraghani lina mlango wa kulirekebisha faraghani. Wazee wa pande mbili huitwa, maneno husemwa, mkosaji huomba radhi, na majirani huona tu kwamba mke amerudi na mizigo yake. Mke aliyekosewa mbele ya nchi 12 hana faragha hiyo. Akisamehe ataitwa mjinga. Asiposamehe ataambiwa kwamba amezifuata fedha. Kila aendapo sokoni, yuko mtu aliyeyaona yale aliyoyaona yeye.

Tatu walisema juu ya afya. Mwaka 2007 bara letu lilikuwa katika mapambano makali dhidi ya UKIMWI. Kuta za zahanati na shule zilikuwa zimejaa mabango yaliyowahimiza watu wawe waaminifu kwa wenzi wao. Wazazi wengi waliona ni ajabu kwamba mtoto aliyesoma bango hilo asubuhi alikutana usiku na somo la kinyume, tena likiwa na zawadi mwishoni.

Nne, walisema juu ya watoto wenyewe. Katika nyumba ya chumba na sebule, ambako familia nzima hutazama televisheni moja, hapana namna ya kumwambia mtoto afumbe macho. Macho hayana pazia. Baba aliyetaka kutazama alilazimika ama kuizima, ama kueleza, na kina baba wengi hawakuwa wamejiandaa kueleza.

LAWAMA ILIMWANGUKIA NANI

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Ukisikiliza kwa makini mazungumzo ya wakati ule, hata miongoni mwa waliolaumu, utagundua kwamba lawama haikugawanywa sawa. Ndugu Richard aliitwa mjanja, mtundu, mwenye bahati na wanawake. Yalikuwa maneno ya kukemea nusu na kusifu nusu. Bibi Tatiana hakupata maneno yenye nusu. Yeye aliitwa mwizi wa waume.

Lakini ni nani aliyekuwa amefungwa na ahadi? Bibi Tatiana hakuwa amemwahidi mke wa Richard jambo lolote. Mtu akituachia nyumba tuilinde, na kisha tukamfungulia mgeni mlango, wa kwanza kuulizwa ni sisi tuliokabidhiwa ufunguo. Mgeni anaweza kuwa na kosa lake, lakini hawezi kubeba la mlinzi. Katika kesi hii watazamaji wengi walimkamata mgeni na kumshangilia mlinzi.

Jambo hilo linaonekana pia katika tukio zito zaidi la mwezi Oktoba mwaka huo. Baada ya washiriki kunywa pombe, kulitokea jambo lililowahusu Ndugu Richard na Bibi Ofunneka Molokwu wa Nigeria, na picha zake zikarushwa. Watetezi wa haki za wanawake walipinga vikali wakisema kwamba mtu aliyelewa hawezi kuhesabiwa kuwa ametoa ridhaa; waendeshaji wa shindano hawakukubali kwamba kulikuwa na kosa, na kipindi kikaendelea. Si kazi ya gazeti kuamua jambo hilo leo. Lakini inafaa kukumbuka kwamba swali lililoulizwa na watu wengi vijiweni lilikuwa: mwanamke yule alikunywa kiasi gani? Wachache waliuliza: aliye karibu na mtu aliyelewa ana wajibu gani? Miaka 10 baadaye, mwaka 2017, shindano la Big Brother la Nigeria lilimfukuza mshiriki mwanamume kwa kumgusa mwenzake wa kike aliyekuwa amelala. Kwa hiyo swali lililopuuzwa na wengi mwaka 2007 lilikuja kupata jibu.

Tujiulize kwa uaminifu. Kama mwaka ule Tanzania ingewakilishwa na mke wa mtu, mama wa nyumba fulani ya Ilala au ya Kirumba, naye akaonekana siku baada ya siku mikononi mwa kijana wa Angola, je, tungempigia kura? Je, tungesema kwamba mchezo ni mchezo? Je, tungemwambia mumewe kwamba asubiri fedha? Kila msomaji anajua jibu lake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

SHERIA ILITANGULIA

Ajabu ni kwamba katika jambo hili sheria yetu iliwatangulia watazamaji kwa miaka 36. Kwa mila za makabila mengi, fidia ya ugoni ilikuwa haki ya mume. Mwanamume akifumaniwa na mke wa mtu, alimlipa mume ng'ombe au fedha. Mke ambaye mumewe alifumaniwa kwingine hakuwa na wa kumdai. Huo ndio udongo uliootesha msemo wetu wa sumu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara ilibadili mambo hayo. Kifungu cha 72 kinampa haki mume, na vile vile mke, ya kwenda mahakamani kudai fidia kutoka kwa mtu aliyezini na mwenzi wake. Kwa maneno mengine, tangu mwaka 1971 mume wa mtu naye ni sumu kisheria. Dai hilo haliwezi kufaulu endapo mdai mwenyewe aliridhia kitendo hicho, wala endapo aliyedaiwa hakujua, na asingeweza kujua kwa juhudi za kawaida, kwamba mtu yule ana ndoa. Uzinzi pia umetajwa katika kifungu cha 107 miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika.

Sasa tuirudie ile hoja ya wake wengi. Ni kweli kwamba sheria hiyo inatambua ndoa za mke mmoja na ndoa za wake zaidi ya mmoja. Lakini ndoa ya mke mmoja haigeuzwi na mume peke yake. Hugeuzwa kwa tamko la mume na mke pamoja, kila mmoja kwa hiari yake. Hata mwenye ndoa inayoruhusu wake wengi hawezi kuoa mke mwingine gizani. Nia ya kuoa hutangazwa, na mke aliyepo anayo haki ya kupinga kwa sababu zilizoelezwa katika sheria. Mila nazo, zikifuatwa vizuri, zilimtaka mume atoe taarifa, alipe mahari, amjengee mke wa pili nyumba na awatendee wote haki. Anayeitaja mila ili ahalalishe hawara anachukua raha ya mila na kuuacha wajibu wake.

KUPIGA MARUFUKU AU KUZUNGUMZA

Wakati wa shindano la kwanza, mwaka 2003, zilikuwapo nchi zilizotafuta njia ya mkato. Bunge la Malawi liliagiza televisheni ya taifa iache kuonyesha kipindi hicho. Baadaye mahakama ikalitengua katazo. Nchini Namibia, Rais Sam Nujoma aliitaka televisheni ya taifa iachane nacho na badala yake ionyeshe historia ya nchi. Viongozi wa dini katika nchi kadhaa walikikemea.

Wasiwasi wao haukuwa wa bure, lakini marufuku haikufika mbali. Aliyezuiwa kuona nyumbani alikwenda kuona kwa jirani mwenye dishi. Naye kijana aliyekatazwa bila kuelezwa alibaki na hamu ya kile alichokatazwa, bila maarifa ya kukipima. Gaetano Kagwa, ambaye mapenzi yake yalikuwa yamekemewa sana, alirudi Kampala akiwa mtu mashuhuri, akawa mtangazaji wa redio. Jamii ilikemea kwa mdomo huku ikishangilia kwa mikono.

Na hapo ndipo tulipo na sehemu yetu ya lawama. Kura za kipindi hicho zilipigwa kwa simu na kwa ujumbe mfupi, na kila ujumbe ulilipiwa. Mfanyakazi aliyelalamika mchana kwamba kijana yule anaharibu maadili, na usiku akatoa fedha katika mshahara wake kumpigia kura, alikuwa amelipia kile alichokilalamikia. Watengenezaji hawasomi malalamiko yetu. Wanahesabu ujumbe wetu. Ikiwa mapenzi ya mume wa mtu yanaleta kura, mwaka unaofuata watatafuta mume wa mtu mwingine.

Haifai pia kusema kwamba kila penzi la ndani ya jumba lile lilikuwa ovu. Mwisho Mwampamba aliporudi katika shindano la mwaka 2010, alimchumbia mbele ya kamera Bibi Meryl Shikwambane wa Namibia, na watazamaji wengi walifurahi kuona mapenzi yaliyotamkwa wazi. Naye Idris Sultan aliipatia Tanzania ushindi wa pili mwaka 2014, akaondoka na dola 300,000. Baada ya mwaka huo shindano la Afrika nzima halikuendelea, ingawa lile la Nigeria linaendelea kutazamwa hata huku kwetu. Kwa hiyo mjadala wa mwaka 2007 haukuzikwa pamoja na jumba lile.

SOMO KWA NYUMBA ZETU

Ukiyaondoa kamera na zawadi, jumba la Big Brother si geni kwa mfanyakazi wa Tanzania. Liko katika maisha ya dereva wa lori anayekaa wiki tatu njiani kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Liko katika maisha ya mchimbaji aliyeacha familia Mbeya akafuata kazi Geita, ya mwalimu aliyepangiwa kituo cha mbali, ya mwanafunzi aliye ng'ambo, na ya mama aliyekwenda kutumikia nyumba za watu huko Uarabuni. Hao wote wamefungiwa mbali na wenzi wao, miongoni mwa wageni, wakiwa na upweke na hofu. Tofauti ni kwamba wao hawaonekani.

Kwa hiyo swali la watazamaji wa mwaka 2007 ni swali la kila nyumba iliyotenganishwa na kazi. Tunaagana vipi mlangoni? Wengi wetu huagana kwa kuzungumza habari za fedha: kiasi gani kitatumwa, lini, kwa njia gani, kodi ya nyumba italipwa na nani, ada ya shule itatoka wapi. Ni mara chache mume na mke huketi wakaambiana kwa upole kwamba upweke utakuja, kwamba vishawishi vitakuja, na kwamba vikija mmoja amweleze mwenzake kabla hajamweleza mtu mwingine. Tunaona haya. Matokeo yake tunayazungumza baadaye mbele ya baraza la usuluhishi, wakati maneno yamekwisha kuwa machungu.

Wazazi nao wana kazi yao. Mtoto wa kiume akiona kwamba baba anacheka mume wa mtu anapokosea, na anafoka mke wa mtu anapokosea, amekwisha kufundishwa, hahitaji televisheni. Mtoto wa kike naye amejifunza kwamba kosa la wawili hulipwa na mmoja, na kwamba huyo mmoja ni yeye. Masomo hayo mawili hutolewa sebuleni petu, kwa sauti zetu wenyewe, na kipindi kikiisha hubaki.

Haitoshi kusema kwamba vipindi vya kigeni vinatuharibu. Kipindi kilileta picha. Hukumu ilikuwa yetu. Tulipewa nafasi ya kuonyesha bara zima tunavyoipima ndoa, tukaonyesha kwamba tuna mizani miwili, mmoja wa mume na mmoja wa mke.

Katika siku zote 98, mtu mmoja hakupata kuonekana ndani ya jumba lile wala kupewa kipaza sauti humo. Ni yule mke aliyebaki nje. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na watazamaji wengi walimtendea hivyo hivyo: walibishana juu ya mume, wakamtukana mgeni, wakamsahau mwenye nyumba. Kwake yeye swali halikuwa la kura wala la dola. Lilikuwa lile lile analojiuliza mke wa dereva usiku simu isipopokewa, na analojiuliza mume wa mtumishi aliye ng'ambo barua zinapokoma.

Siku nyingine mjadala kama huo utakapozuka barazani, naye kijana mmoja akakumbusha kwamba mke wa mtu ni sumu, mzee mmoja na aongeze nusu iliyobaki. Tangu mwaka 1971 imeandikwa. Imebaki kusemwa.